Dumu la Kupimia Pumzi

Mambo haya hayakutokea hapa. Yalitokea kwa Wenzetu, nchi iliyo mbali kiasi kwamba msomaji hana sababu ya kugeuka kuangalia nani amekaa nyuma yake. Wenzetu ni watu wastaarabu. Wana bendera, wana chuo kikuu chenye lango refu kuliko jengo lolote lililo ndani yake, na wana Wizara ya Elimu ya Juu na Mkaa. Wizara hizo zilikuwa mbili, zikaunganishwa ili kubana matumizi, na tangu hapo zimeishi kwa amani. Karatasi za mitihani ya zamani husagwa, zikachanganywa na vumbi la mbao pamoja na kitu cha tatu ambacho ni siri ya taifa, kisha zikagandamizwa kuwa vitofali vyeusi viitwavyo Mkaa Neema. Hakuna nchi nyingine inayoweza kusema kwamba elimu yake inawaka.

Utafiti ulianza kwa Wenzetu siku Mheshimiwa Waziri aliporudi safari. Huko alikokwenda, mwenyeji wake alimuuliza, tena kwa adabu tu wakiwa mezani, wanafunzi wa shahada ya kwanza wa nchini kwake wanatafiti nini pamoja na maprofesa wao. Waziri alijibu kwamba wanatafiti sana, halafu akaomba chumvi. Alipotua nyumbani hakwenda hata kuoga. Pale pale uwanja wa ndege alitangaza kwamba kila mwanafunzi atafanya utafiti na profesa wake, apende asipende, na matokeo yawe tayari kabla yeye hajapata safari nyingine.

Wanafunzi walisema hawana nafasi, na walisema kweli. Wengi wao wakitoka darasani huenda kusuka nywele, kulinda maduka ya watu, au kulea wadogo zao. Wizara ililipokea jambo hilo kwa moyo mweupe ikaanzisha Mpango wa Utafiti kwa Wanafunzi Waliobanwa, ukiwa na ofisi yake, mkurugenzi wake na gari la mkurugenzi wake. Mwanafunzi alitakiwa jambo moja dogo: aje mwenyewe, saa za kazi, apange foleni, athibitishwe kwamba kweli amebanwa. Foleni ilizunguka jengo ikarudi ilikoanzia. Aliyebahatika kufika dirishani, karani alimtazama kwa huruma akamweleza kwamba mtu mwenye nafasi ya kusimama foleni tangu asubuhi hawezi kusemekana amebanwa, kisha akamwomba ampishe mwenzake.

Katika foleni hiyo alikuwamo Siwema, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Siwema alilelewa na shangazi yake, Bi Mwantumu, anayekaanga vitumbua nje ya lango la chuo pamoja na wanawake wengine wa lango. Kila alfajiri Siwema humsaidia shangazi yake kukoroga unga wa mchele na kuwasha jiko, halafu hukimbilia darasani akinuka moshi. Wenzake darasani wamezoea, na yeye amezoea kukaa karibu na dirisha.

Siku hiyo ya foleni alisimama mpaka akakumbuka kwamba unga aliouacha kwenye ndoo utakuwa umeumuka na kufurika. Akachomoka mbio. Karani alipomwona mtu anaondoka kwenye foleni kabla ya kudhalilishwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ofisi ifunguliwe, aliinuka kitini akamtuma askari amkimbilie. Askari alimkuta langoni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Akamkabidhi cheti cha kubanwa, akampigia saluti, akanunua vitumbua akarudi.

*

Profesa ambaye Siwema alipangiwa aliitwa Kanyelele. Hapa inabidi tuseme ukweli ingawa unauma: Profesa Kanyelele alikuwa mtu mwema. Siwema alipomwamkia kwa mara ya kwanza na kumweleza kwamba saa zake za kuonana na wanafunzi ndizo saa za vitumbua, hakukunja uso. Aliuliza jiko liko wapi. Kesho yake alfajiri alikuja langoni na kigoda chake mwenyewe, akakaa kati ya ndoo ya unga na gunia la mkaa, akasema kama mwanafunzi hawezi kwenda kwa utafiti, basi utafiti utakuja kwa mwanafunzi.

Wanawake wa lango walicheka. Hawakuwahi kumwona profesa akiwa chini, wote waliwajua kwa magoti tu, yakipita.

Profesa alimuuliza Siwema ni jambo gani linalomkera, maana utafiti, alisema, ni kukereka kwa utaratibu. Siwema hakuhitaji kufikiri. Tangu chuo kilipoanza kuwagawia wapishi wa lango Mkaa Neema, wanawake wanakohoa. Shangazi yake alikuwa mtu wa kuimba tangu jiko linapowashwa mpaka linapozimwa. Sasa akifika katikati ya wimbo huishiwa pumzi, akanyamaza, akajidai kwamba amesahau maneno. Siwema alikuwa akimwona anavyojidai, na moyo ulimuuma kila alfajiri.

Wakatengeneza dumu. Lilikuwa dumu jeupe la mafuta ya kupikia, lile linaloonyesha ndani. Unalijaza maji mpaka pomoni, unaligeuza kichwa chini ndani ya beseni, unaingiza mpira wa maji mdomoni mwake, na mtu anapuliza. Pumzi inapanda ndani ya dumu, inayasukuma maji yatoke. Mwenye mapafu mazima anaacha dumu karibu tupu. Aliyechoka mapafu anapuliza mpaka mishipa ya shingo inamsimama, na maji hayasogei. Profesa alimfundisha Siwema kuweka alama ubavuni mwa dumu kwa kalamu ya wino mzito, na alimfundisha jambo moja zaidi, akalirudia mpaka akaridhika: asitazame maji yaliyobaki, atazame yaliyotoka.

Kazi ilikuwa kuwashawishi wanawake wapulize. Walishawahi kutafitiwa hao. Waliwahi kuulizwa wana watoto wangapi, wanalala wapi, wanajisikiaje, na kila aliyeuliza alishukuru sana akaondoka asionekane tena. Bi Mwantumu, kwa niaba ya wote, alifuta mikono kwenye khanga akamuuliza mtoto wa kaka yake swali moja.

"Pumzi zetu unazipeleka wapi?"

"Nazipeleka kwa wanaoweza kuuondoa mkaa huu, shangazi," Siwema alisema. "Nawaahidi mimi mwenyewe."

Bi Mwantumu alichukua mpira akapuliza, na wengine wakafuata, kwa sababu alikuwa Siwema, na Siwema alikuwa wao.

Walipuliza wiki moja wakipikia mkaa wa kawaida wa magunia, wiki nyingine wakipikia Mkaa Neema, halafu wakabadilisha tena. Matokeo hayakuhitaji miwani. Wiki za mkaa wa kawaida maji yalikimbilia beseni. Wiki za Mkaa Neema dumu lilikaa limejaa kama halijaguswa, na wanawake walirudi kwenye majiko yao. Profesa Kanyelele alizitazama zile alama mpaka chai yake ikapoa. Alimwambia Siwema kwamba miaka yote aliyofundisha hajaona kazi safi namna hii, kwamba kazi ni yake, na kwamba jina la Siwema litakaa mbele ya jina la profesa.

Siwema alikwenda darasani siku hiyo kichwa kimemvimba kidogo. Tusimlaumu. Hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuandikwa jina lake mahali popote isipokuwa kwenye kadi ya kliniki.

*

Habari za dumu zilifika wizarani, na wizara, kama ilivyo desturi yake, ikaingiwa na huruma. Iliona haifai kumwachia mwanafunzi aliyebanwa mzigo mkubwa hivyo. Kitengo cha Kupunguza Mzigo kilimwandikia kwamba kuanzia sasa hahitaji kuchambua matokeo, yatachambuliwa kwa niaba yake. Siwema alishukuru, kwa sababu mitihani ilikuwa imekaribia. Baadaye kidogo aliambiwa kwamba hahitaji kuandika, itaandikwa. Baadaye tena aliambiwa kwamba hahitaji kusoma kilichoandikwa, kimesomwa. Mwanafunzi mwingine wa mpango huo, aliyekuwa akichunguza mende wa bweni, alipunguziwa mzigo mpaka akasahau alikuwa akichunguza nini, akapewa tuzo.

Profesa Kanyelele naye aliacha kuja langoni. Kigoda chake kilibaki pale, wanawake wakawa wanakiwekea sufuria. Watu walisema amepandishwa cheo: sasa ni Mshauri Mkuu wa Waziri katika Masuala ya Pumzi.

Siku moja Siwema aliona tangazo kwenye ubao wa chuo. Utafiti mkubwa wa taifa kuhusu Mkaa Neema ungezinduliwa uwanjani na Mheshimiwa Waziri. Ulikuwa umefanywa na Profesa Kanyelele. Alisoma tangazo mpaka mwisho, akarudia kusoma na zile herufi ndogo za chini, alipoandikwa aliyelichapa. Jina lake halikuwamo.

Alikwenda ofisini kwa Profesa. Sasa kulikuwa na chumba cha kungojea, na ndani ya chumba cha kungojea kulikuwa na mlango wa kwenda kungojea. Alingoja. Alikosa somo, alikosa kumsaidia shangazi yake kuosha masufuria, na akajiuliza ilikuwaje mtu aliyekuja mwenyewe na kigoda mpaka jikoni leo awe mbali namna hii. Hatimaye akaingizwa.

Profesa alifurahi kumwona, au uso wake ulifurahi. Alieleza kwamba jina liliondolewa kwa nia njema kabisa. Jina ni mzigo, alisema. Likiwekwa, mtu hupigiwa simu, huulizwa maswali, na mwanafunzi aliyebanwa atayajibu saa ngapi?

"Lakini uliniahidi, Profesa," Siwema alisema.

Profesa aliangalia dirishani. Kwa dakika ile alionekana kama yule wa alfajiri, yule aliyeacha chai ipoe. Halafu akauliza polepole, kama anayemtega mtu na papo hapo anaomba asinaswe.

"Ni jina tu unalotaka?"

Siwema angeweza kusema mengi. Angeweza kuomba aonyeshwe kilichoandikwa. Lakini alikuwa amekasirishwa na lile tangazo, na mtu aliyenyimwa jina lake huona jina lake tu.

"Jina tu, Profesa."

Profesa alishusha pumzi ndefu, ambayo kwenye dumu ingeacha tone moja tu la maji. Akachukua kalamu, akaandika, akamwonyesha. Siwema binti Salehe, mtafiti mkuu. Jina la profesa likafuata chini, kwa herufi ndogo zaidi.

"Usije ukasema sikukuuliza," alimwambia.

Siwema alitoka akitabasamu. Alifika langoni akawaambia wanawake kwamba mambo yamekwiva, wajitayarishe kwa uzinduzi, na Bi Mwantumu siku hiyo aligawa vitumbua vya kwanza bure.

*

Siku ya uzinduzi wanawake wa lango walikalishwa mstari wa mbele, wamevalishwa khanga za wizara. Jukwaani palikuwa na lile dumu. Lilikuwa limepakwa rangi ya dhahabu, ila upande mmoja wenye zile alama, ulioachwa wazi ili wananchi waone ndani. Siwema alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na mshereheshaji akatangaza kwamba, kwa kuwa Siwema amebanwa, hotuba yake itasomwa kwa niaba yake. Ofisa mmoja mwenye sauti nzito akasimama akasoma jinsi yeye, Siwema, alivyokuwa gizani kabla ya Mpango, na jinsi anavyomshukuru Waziri kama mzazi. Siwema alisikiliza maisha yake kwa makini. Mengine hakuwa akiyajua.

Ndipo akasimama Mheshimiwa Waziri.

Alisema utafiti ni uti wa mgongo wa mkaa, na mkaa ni uti wa mgongo wa utafiti. Alisema kuna watu, hakutaka kuwataja kwa sababu walikuwa wamekaa uwanjani, waliodai kwamba Mkaa Neema unakohoza. Leo sayansi imewajibu. Akaliendea dumu akalipiga kofi la upole ubavuni, kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

"Hawa akina mama walipopikia mkaa wa zamani, dumu lilibaki tupu," alisema. "Walipopikia Mkaa Neema, dumu lilibaki limejaa. Nauliza mbele ya wataalamu: ni nani kati yenu anataka dumu tupu?"

Hakuna aliyetaka. Uwanja ulipiga makofi. Maprofesa walipiga kwa kuelewa, na mkuu wa chuo alipiga akiwa amesimama.

Siwema alimgeukia Profesa Kanyelele, aliyekaa nyuma yake, akamnong'oneza kwamba wamesoma kinyume, wamesoma maji yaliyobaki, asimame aseme. Profesa alikuwa anapiga makofi. Hakumtazama.

"Sikubadilisha alama hata moja, Siwema," alisema bila kufungua meno. "Zote ziko pale pale ulipoziweka. Nimewaachia tu wachague waanzie juu au chini."

Msomaji asidhani kwamba alikuwa hajui. Ndiye aliyemfundisha. Hilo ndilo lililomchoma Siwema kuliko yote, kuliko Waziri na khanga na dumu la dhahabu: kwamba mtu mmoja katika uwanja ule alijua sawasawa, na mtu huyo alikuwa Profesa wake.

Lakini palibaki tumaini, maana Waziri alitaka wananchi wajionee. Aliomba mama mmoja wa lango apande ajaribu, na wenzake wakamsukuma Bi Mwantumu. Siwema alijiambia kwamba sasa basi, hapa hakuna wa kudanganywa, watamwona kwa macho yao. Bi Mwantumu alipanda ngazi za jukwaa akapumzika katikati ya ngazi. Alishika mpira. Alimtafuta Siwema kwa macho, akampata, akatikisa kichwa kumtuliza, kama anayesema usihofu mwanangu, nitawaonyesha. Akapuliza.

Alipuliza kwa nguvu zake zote. Maji yalitikisika, yakashuka kidogo chini ya alama ya kwanza, yakasimama. Akajaribu tena, kikohozi kikamshika, akainama akikohoa kifua kizima, mkono umeshika ubavu, na kipaza sauti kilikipeleka kikohozi kile mpaka kwenye viti vya mwisho vya uwanja. Siwema alisimama. Kila mtu alisimama. Wote walikuwa wanalitazama dumu.

Lilikuwa limejaa.

Bendi ilianza kupiga. Watu walirusha kofia. Waziri alimkumbatia Bi Mwantumu ambaye bado alikuwa hajapata pumzi, akamwinua mkono kama bondia aliyeshinda. Siwema alipaza sauti akasema yote, kwamba dumu linasomwa kinyume, kwamba shangazi yake anaumwa, kwamba ule si utafiti wake. Tarumbeta zilikuwa karibu naye, na waliomwona mdomo unafunguka walidhani anaimba.

Kabla ya kushuka jukwaani Waziri alisoma agizo. Kuanzia siku hiyo wapishi wote wa malango ya vyuo, shule na hospitali wangepikia Mkaa Neema peke yake, na mgambo wangehakikisha. Kwa kumuenzi binti aliyetoka katika moshi wa lango lile lile, agizo litajulikana kama Agizo la Siwema.

*

Mgambo walikuja kesho yake. Hawakupiga mtu. Walibeba magunia ya mkaa wa kawaida, wakashusha vitofali vyeusi, na mkubwa wao akasoma kwa sauti kwamba hayo yanafanyika kwa mujibu wa utafiti wa Siwema binti Salehe. Alisoma jina vizuri, hakukosea hata kidogo. Kisha akanunua vitumbua, maana kazi ni kazi.

Siwema aliandika kupinga. Alijibiwa kwa heshima kwamba mtafiti mkuu pekee ndiye anayeweza kuupinga utafiti huo, na kwamba mtafiti mkuu, kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi, amebanwa. Profesa Kanyelele alikuwa safarini na Waziri, huko huko alikoulizwa lile swali la mezani.

Wanawake wa lango hawakumtukana. Laiti wangemtukana. Alipopita waliitika salamu yake kama wanavyoitika za watu wa magoti, wakaendelea kugeuza vitumbua. Kwa siku kadhaa hakwenda, akijidai ana mitihani. Halafu alfajiri moja alipiga moyo konde akaenda, akajifunga khanga, akanyoosha mkono kuchukua mwiko wa kukorogea unga, kama alivyofanya tangu utotoni. Shangazi yake aliusogeza mwiko pembeni, taratibu.

"Shangazi, si mimi," Siwema alisema. "Wallahi si mimi. Walisoma dumu kinyume."

"Jina ni lako?"

"Ni langu."

"Uliliomba?"

Jiko lilikuwa linafuka, ule moshi mzito wenye harufu ya karatasi, na cheche moja iliruka na kipande cha swali la mtihani ambacho hakikuwa kimesagika vizuri. Bi Mwantumu alianza wimbo wake wa asubuhi, akafika mahali pale pa kukatikia, akanyamaza. Safari hii hakujidai kwamba amesahau maneno. Alikohoa mpaka kikohozi kikaisha, akajifuta macho kwa ncha ya khanga ya wizara, akachukua kile kigoda cha Profesa, akaondoa sufuria juu yake, akakipangusa vumbi. Akakipeleka mbali na jiko, upande ambao upepo unatoka, akakiweka hapo kama anavyomwekea mgeni.

"Kaa kule, mtafiti," alimwambia. "Moshi usije ukakuharibia pumzi."